Mrija Ndani Yangu, na Simu za Mama

Mimi ni Dieudonné, fundi wa kulehemu hapa Likasi, mtaa wa Shituru. Zamani, kila Jumapili baada ya ibada nilipanda pikipiki kwenda Buluo kumwona mama yangu.

Ugonjwa ulianza kwa maumivu ya ubavu wa kushoto. Nilijikunja sakafuni, nikatapika. Hospitalini wakakuta jiwe limeziba njia ya mkojo kutoka kwenye figo. Walilitoa, wakaacha ndani mrija mwembamba ili mkojo upite mpaka nipone.

"Utakaa nayo wiki sita," munganga, yaani daktari wa pale, aliniambia. "Kama iko shida, sema."

Sikusema. Kila nilipokojoa, ubavu uliwaka moto. Mkojo ulitoka na damu. Haja ilinibana ghafla, nikalowanisha suruali kabla ya kufika chooni. Mwanaume wa miaka arobaini na tatu! Nilimficha hata mke wangu Béa. Nguo nilifua mwenyewe. Pikipiki sikuweza kuikalia.

Ndipo mama akaugua. Alinipigia simu, sauti imefifia.

"Mutoto wangu, utakuya lini?"

"Jumapili, mama."

Jumapili nikasingizia kazi. Akapiga tena. "Miye niko nakungojea," alisema. Nikamdanganya tena. Alhamisi akafa.

Kwenye mazishi tulikwenda kwa gari la jirani. Nikiwa nimesimama mbele ya jeneza, mkojo ulinitoka, na Béa akaona. Usiku huo nikamfunulia kila kitu. Kesho yake alinipeleka hospitalini, akaeleza yote huku mimi nikiangalia chini.

"Juu ya nini haukusema?" munganga aliuliza. "Dawa ya hii iko."

Ilikuwa ya kulegeza njia ya mkojo: kidonge kimoja kwa siku, baada ya chakula. Alinionya nisiinuke haraka, nisije nikashikwa na kizunguzungu. Damu na haja za ghafla hazikuisha zote, ila maumivu yalipungua sana. Siku ya nne ya dawa nilikaa kanisani hadi mwisho wa ibada. Nilimlilia mama, na waliokaa karibu wakadhani ni furaha ya kupata nafuu.

Muda ulipotimia mrija ulitolewa. Leo mimi ni mzima. Namshukuru Mungu, namshukuru Béa.

Ndugu uliyewekewa mrija, mwambie munganga wako kila kitu, hata kile cha aibu. Yeye ndiye atajua dawa inayokufaa. Mimi nilinyamaza wiki tatu. Mama alikuwa mwendo mfupi tu kwa pikipiki, na sikufika.