Siku Mrusi Alipoulizwa Kuhusu Pilau Yangu

Nimefanya mambo mengi ya aibu tangu nitue Texas, nimewahi hata kumwamkia mdoli wa dukani kule Fort Worth (alivaa suti, nikadhani ndiye mwenye duka), lakini hii ya pilau ndiyo inayonifanya mpaka leo nikiingia nyumbani kwa wakwe nitambae ukutani kama mjusi, na naitoa mwenyewe kwa sababu nimesikia shemeji zangu wanaisimulia huko Houston na wameanza kuongeza, na mimi nikiwa hai sioni haja ya mtu mwingine kuniongezea.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Mchana nilipakia vigae ghalani, jioni nikasomea ufundi wa viyoyozi shule ya usiku (cheti kiko ukutani, ukija nitakuonyesha hata kama hujaomba). Basi kabla ya Sikukuu ya Shukrani meneja wetu Randy, Mtexas mrefu mpaka taa za ghala zilikuwa zinamkwepa, akatangaza kila mtu alete chakula cha kwao. Mimi kwetu Morogoro jikoni nilikuwa naingia kuuliza kama kimeiva, nikishajibiwa natoka, ila siku hiyo wazo dogo tu likanijia: kwa nini nisipike pilau. Kadi ya kumpigia mama simu ilikuwa imeisha dakika, nikajiambia pilau nimeila miaka thelathini, mkono utajua wenyewe. Mkono haukujua. Karafuu nilitia kiganja kizima, nikaona ni uchoyo, nikatia kingine kwa ajili ya wageni.

Randy akaonja, akafumba macho. "Rafiki yangu, hiki ni kitu cha kipekee," akasema. "Hujawahi kufikiria kufungua mgahawa?"

Debbie wa ofisini akashika kifua. "Maishani mwangu sijawahi kuonja kitu kama hiki. Lazima uniandikie unavyopika."

Nikavimba mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Ndipo akaja Ludmila, msimamizi wa zamu yetu, mama wa Kirusi wa makamo, mfupi, ambaye hacheki mpaka awe na sababu. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akaweka uma mezani.

"Hii ni mbaya," akasema mbele ya watu wote. "Mchele katikati ni mbichi. Karafuu zimezidi, ulimi umekufa ganzi kama nimetoka kung'olewa jino. Usipike tena."

Jamani, nilishtuka mpaka nikatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayeambiwa. Kwetu hata ukipewa maharage yaliyoungua msibani unasema Mungu awalipe waliopika, unakunywa maji, unakwenda zako. Nikasema moyoni huyu mama kalelewa na nani. Na kuonyesha kwamba mimi nimelelewa, nikaenda kuonja cha kwake: supu ya makongoro, ile ile tunayoinywa ya moto na ndimu na pilipili, yeye kaigandisha kwenye friji mpaka imesimama, baridi, ukiigusa inatikisika. Nikameza bila kutafuna, machozi yakanilenga, nikamwambia, "Ludmila, hii ni tamu kuliko vyote vilivyo mezani."

Akanitazama sana. "Kweli?"

"Kweli kabisa."

Tangu siku hiyo kila Jumatatu aliniletea bakuli zima, la ng'ombe tupu kwa sababu aliuliza akaambiwa sili nguruwe, na kila Jumatatu nikashukuru, nikaenda nalo chooni, nikavuta maji. Mwaka mzima. Mimi nami kila mwisho wa mwezi nikapeleka sufuria ya pilau ghalani, Randy na Debbie wakajaza sahani na kuondoka nazo ("hii nakwenda kuila kwa nafasi"), na sahani zikapotea kwa kasi ambayo hata Mama Lishe wa kwetu hajaiona.

Sasa, kule Sugar Land, pembeni ya Houston, alikuwepo Zuhura, binti wa Kitanga, muuguzi, ambaye nilikuwa namwambia kila kitu kwenye simu, pamoja na habari za makongoro na choo. Tukakubaliana nipeleke posa. Tatizo, mimi Amerika sina baba wala ami, na baba yake, Mzee Mbwana, alikuwa ameshasema binti yake hamtoi kwa mtu asiyejulikana tabia, aliyetokea tu kama barua isiyo na anwani. Siku moja nikizungumza na Zuhura, mzee mwenyewe akachukua simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia wewe ni mpishi."

"Wanasema tu, mzee. Wazungu wa kazini wananishauri nifungue mgahawa."

"Kumbe."

Hiyo "kumbe" ndiyo iliyonimaliza, maana niliisikia kama mlango unafunguka, nikasema neno ambalo kama ningeweza kulirudisha ningelirudisha kwa mguu: "Siku ya posa akina mama wasisumbuke. Pilau nitakuja nayo."

Kwa watu arobaini. Nyumbani kwa Mama Zuhura, ambaye harusi za Watanga Houston nzima haziwekewi siku kabla hajaulizwa kama atapika.

Gari langu lilikuwa limekufa giaboksi, na mshenga wangu, Mzee Pazi wa Mansfield, jirani na Fort Worth, alijaza lake mke na wajukuu, ikabidi nimwombe Ludmila mwenye pikapu. Akasema, "Nitakupeleka, sufuria nitabeba. Lakini usipike." Nikapika usiku kucha kwa hasira.

Ukitoka Fort Worth mpaka Sugar Land ni mwendo wa saa nne na ushee, na katika saa ya pili, barabara imenyooka na sufuria mbili zimefungwa kamba nyuma kama wafungwa, Ludmila akasema bila kugeuza shingo: "Hata sasa tunaweza kusimama tukanunua kuku."

"Kuku wa nini? Randy anaipenda pilau yangu."

"Randy anaitupa kwenye pipa la nyuma, pale forklifti za kunyanyulia mizigo zinapochajiwa. Debbie pia. Wanafunika kwa karatasi usione."

"Mbona wananisifu?"

"Wanakuonea huruma. Kwao kukuambia ni ukatili. Kwangu kukuacha uendelee ndiyo ukatili."

Nikamwambia labda ana wivu. Akawasha redio, tukasikiliza gitaa za wachunga ng'ombe mpaka Sugar Land.

Sebule ilijaa. Kwa desturi mposaji hata hakai karibu, lakini huku tuko wachache, nikawekwa kwenye mkeka kando ya mshenga, na Ludmila akapewa kiti cha heshima kama mgeni. Masinia yakapita. Nikasubiri sifa.

Akina mama wakaanza kuitisha maji. Mzee mmoja akatoa karafuu mdomoni, akaiweka pembeni, akatoa nyingine, akaipanga na mwenzake. Mzee Mbwana alikula matonge matatu, akafuta vidole, akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba kabisa," na tumbo lake wote tunalijua. Na Mama Zuhura, kwa sauti laini kama ya mtu anayefariji mgonjwa, akasema: "Umejitahidi, mwanangu."

Umejitahidi. Neno hilo nimelisema mwenyewe mara mia, kwa kwaya za hovyo, kwa watoto waliochora punda akatoka meza, na sijawahi hata siku moja kulisema kwa kitu kizuri. Nikaliona pipa la Randy. Nikaiona ile karatasi juu yake.

Ningepona hapo, watu wa kwetu wangemeza na kunyamaza, lakini Mzee Mbwana kwa ukarimu akamgeukia Ludmila, akamuuliza kwa Kiingereza: "Na wewe mama, umeonaje chakula?"

Mzee Pazi alinikanyaga mguu. Mimi nilikuwa nimeshafumba macho.

"Ni kibaya sana," Ludmila akasema. "Nimemwambia mwaka mzima. Kazini wote wanatupa."

Mtu akaangusha kijiko. Mzee Mbwana akamtazama, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikukitegemea, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu dukani akakipata. Akasogeza kiti.

"Vizuri. Na mtu mwenyewe je? Mimi simjui. Niambie kama ulivyoniambia kuhusu pilau."

"Anafika kabla ya saa. Halewi. Mgongo wangu ukiuma ananibebea masanduku na hasemi kwa mtu. Anatoka kazini amechoka, anakwenda shule. Anajisifu mno." Akafikiri. "Lakini si mwongo. Wamarekani wananiambia makongoro yangu matamu, hawarudii. Huyu peke yake anakula bakuli zima, mwaka mzima."

Sebule nzima ikanigeukia kwa upendo. Kutoka mlango wa jikoni Zuhura naye alinitazama, ila si kwa upendo, maana yeye alikuwa anajua.

"Matamu kweli, kijana?" Mzee Mbwana akauliza, bado kwa Kiingereza.

Nilikuwa na jibu la neno moja, na mke ndani yake. Nikafungua mdomo kulisema, nikamwona Ludmila amekaa wima kwenye kile kiti, mikono magotini, akisubiri kusifiwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, naye ndiye pekee aliyewahi kuniambia kweli.

"Hapana, mzee," nikasema. "Namwaga chooni."

Ludmila hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Kila Jumapili nasimama jikoni kwa muda wa saa sita. Mgongo huu. Kwa nini hukusema?"

"Ilikuwa adabu, Ludmila."

"Adabu," akasema, kama mtu anayeonja pilau yangu upya.

Mzee Mbwana akawaita wazee wenzake chumbani. Nilikaa pale nikihesabu nyuzi za mkeka, na waliporudi alizungumza na mshenga, mimi hakunitazama. "Posa tumeipokea. Amesema kweli siku ambayo uongo ungemfaa, hilo linanitosha. Ila jikoni mwa binti yangu asiingie."

Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, na Ludmila alikuwa ameshatoka nje kufunga sufuria. Tulirudi mwendo ule ule wa saa nne na ushee, redio imezimwa, na nyuma pilau ya watu thelathini na tisa na nusu.

Jumatatu mbili zikapita bila bakuli. Ya tatu akaliweka mbele yangu, akakaa, akakunja mikono. "Kula. Sema."

Nikala. "Baridi inanishinda," nikasema. "Na haina ndimu wala pilipili."

Akachukua bakuli, akaenda kulipasha moto, akarudi na ndimu. Tukala wote wawili, na nilimaliza. Aliniuliza kama ni tamu, nikamwambia ndiyo, na safari hii hakuuliza "kweli?"

Pilau sijapika tena wala sitapika. Na mtu akiniambia nimejitahidi, naacha hapo hapo, naomba radhi, natafuta lilipo pipa.