Swali la Kila Asubuhi

Siku hiyo naikumbuka bado, mjukuu wangu. Ilikuwa Jumatatu, na mvua ile nyembamba ya London ambayo hainyeshi wala haiachi. Nilikuwa ndani ya basi hapa Edmonton, miguu inaniuma tangu asubuhi. Wakati huo nilifanya kea, yaani kuzunguka majumbani kuwaogesha wazee, kuwalisha na kuwapa dawa zao. Basi lilipopita mtaa wa Bi Dorothy, nikaona pazia la sebuleni kwake limefunguliwa. Nikashtuka, maana Bi Dorothy nilijua yuko hospitali.

Lakini nikikuanzia hapo hutaelewa. Ngoja nirudi nyuma. Nimechoka, ila nitarudi.

Jumapili nilikusikia mezani ukisema kazini wamekupa programu ya zamani, ukaiita takataka za wazee, ukasema utaifuta yote uandike yako. Sikukujibu, nilikuwa natafuna. Leo nakujibu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo ya kompyuta nitayasema kama nilivyoyasikia kwa waliokuwa wakiyafanya.

Mjomba wako Elia, mwanangu wa kiume, wakati huo alikuwa na umri kama wako. Ametoka chuoni, kaajiriwa na kampuni ileile niliyofanyia kea mimi. Ofisi ilikuwa Harrow, juu ya duka la vitambaa. Zamu zetu zote zilitoka kwenye kompyuta: nani aende kwa mzee gani, na saa ngapi. Programu hiyo iliandikwa miaka ya tisini na Mzee Kantilal, Mhindi wa Tabora, ambaye alikuwa ameshastaafu na kukaa kwake Rayners Lane. Sura ya programu ilikuwa mbaya, skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Lakini zamu ilitoka kila siku. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Elia aliambiwa aihamishie kwenye kiunzi kipya cha kisasa, chenye madirisha ya rangi na vitufe vya kubonyeza. Jioni alifanyia kazi mezani jikoni, nami nakaanga vitunguu, huku akinieleza. Programu imejengwa kwa vitu wanavyoviita klasi. Klasi ni kama karatasi ya fundi cherehani ya kukatia nguo: ipo ya mteja, na kila mteja anakatwa kwa hiyo. Na klasi mpya inaweza kuzaliwa kutoka kwa ya zamani, ikarithi yote ambayo mzazi anayajua, kisha ikaongeza yake. Mzazi mwenyewe haguswi, kwa sababu sehemu nyingine za programu zinamtegemea. Elia alifanya hivyo, akaizalia klasi ya Mzee Kantilal mtoto. Hapo hakukosea.

Alikosea kwenye amri moja tu.

Mteja akilazwa, ofisi ilifunga ziara zake ili tusiende kugonga mlango wa nyumba tupu. Sasa ile programu ya zamani, ukishamfunga mtu, kila asubuhi ilikuuliza: huyu amerudi nyumbani? Na haikukuruhusu kufungua kitu kingine mpaka ujibu. Ilibidi upige simu wodini, usubiri, uulize. Wasichana wa ofisini walilichukia swali hilo kuliko baridi ya Januari. Wakamwambia Elia, "Kaka, tuondolee huyu babu anayetuhoji kila asubuhi hata chai hatujanywa."

"Huyo babu nitamstaafisha mara ya pili," Elia akawajibu. Wakacheka sana.

Basi katika klasi yake ya mtoto, akaiandika upya amri ya kufunga. Fupi, safi: mfunge mteja, basi. Ya mzazi ilikuwepo palepale, lakini yake haikuiita ifanye kazi, na swali likapotea nayo. Nilipomsikia akijisifu nikamwuliza, "Umemwuliza Mzee Kantilal kwa nini aliliweka swali hilo?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wa huku, kwamba ukienda kwa yule mzee unamaliza nusu siku unakunywa chai na kusikiliza habari za Tabora.

"Hiyo chai ndiyo kazi yenyewe," nikamwambia. "Kuuliza si ujinga."

Akaendelea kubonyeza. Nami nikageuza vitunguu vyangu.

Bi Dorothy alikuwa mjane wa Kiingereza, mwembamba, mwenye maneno makali, na mimi alinipenda kwa sababu nami sina maneno matamu. Alianguka jikoni kwake, akalazwa, ofisi ikafunga ziara zake. Ijumaa hospitali ikamrudisha nyumbani. Waliomleta wakamkalisha kitini, wakafungua pazia apate mwanga, wakaondoka wakijua sisi tutafika jioni. Sisi hatukujua lolote. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyekuwa akiuliza alishanyamazishwa.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo nilishuka kwenye basi nikarudi kwa miguu. Ufunguo wake ulikaa kwenye kisanduku kando ya mlango, na namba yake nilikuwa naijua. Nikaingia. Nikamkuta kwenye kiti kilekile, amelowa, midomo imepasuka, simu iko mezani ng'ambo ya chumba asikoweza kufika.

"Umechelewa, mpenzi," akaniambia.

Hakunilaumu. Alisema tu, kama ninavyokwambia wewe kuna mvua. Nikampa maji kwa kijiko, nikaita ambulansi, nikamsafisha wakati tunaisubiri ili wasimkute vile. Mtu mzima ana heshima yake.

Hakufa, mjukuu wangu. Nakwambia ili usije ukanikatiza kuuliza. Lakini miguu haikumrudia, na nyumbani kwake hakukanyaga tena. Walimpeleka kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja, dirisha linatazama maegesho ya magari. Kila nilipokwenda kumwona aliniuliza atarudi kwake lini. Nami niliendelea kumtengeneza nywele. Maji yakimwagika hayazoleki.

Elia nilimweleza jikoni, sikumpunguzia neno. Kesho yake akaniambia anafuta kazi yake yote, airudishe skrini nyeusi, aache na kazi. Nikamwambia, "Vaa koti." Tukapanda treni mpaka Rayners Lane.

Mzee Kantilal alifungua mlango amevaa sweta mbili.

"Shikamoo, Mzee," Elia akasema, macho chini.

"Marahaba. Leo umekumbuka njia? Ingia. Mama Elia, karibu, pole na baridi."

Chai ikaja, ya maziwa na tangawizi. Hakumwuliza kitu mpaka vikombe viko nusu. Elia akaeleza yote mwenyewe, hata kicheko cha wasichana hakukificha. Mzee akasema, "Mwanzoni swali hilo halikuwepo. Amri yangu ya kwanza ilifunga tu, kama yako. Safi kabisa. Halafu kuna mzee mmoja wa Wembley alirudishwa nyumbani nasi hatukujua. Yule hakuwa na mtu wa kumwona kutoka kwenye basi."

Elia akaweka kikombe chini.

"Kwa nini hukuandika sababu pale pale?" Elia akauliza.

"Nilidhani nitakuwepo siku zote," Mzee akasema. "Mimi nilipaswa kuandika, wewe ulipaswa kuuliza. Sote wawili tukakaa kimya, na bibi wa watu akakaa kitini."

"Nitafuta yote."

"Ukifuta, utakosea mara ya pili. Kazi yangu ina uchafu mwingi, najua unauona. Mtoto ana haki ya kuzaliwa. Lakini nani alikwambia mtoto akianza kusema, baba anyamaze? Mstari wa kwanza wa amri yako, mwite mzazi. Mwache afanye lake. Ndipo uongeze lako."

"Na wasichana wa ofisini, Mzee?"

"Lipake swali rangi, liwe zuri. Lakini liulizwe."

Elia akafanya hivyo, na juu yake akaandika sababu kwa maneno ya kawaida, hata mimi ningeelewa. Wasichana wakanuna. Mmoja akamwuliza kama babu amefufuka. Akasema ndiyo. Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Basi nisikilize. Sikukatazi kubadilisha. Kazi ya kale si Biblia, ni kazi ya mtu, na mtu hukosea. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Ulichokikuta kimesimama usikipasue, zaa kipya juu yake. Rithi kwanza, ongeza baadaye. Na ukikuta humo jambo la kipuuzi, linalochelewesha, linalokera, usilinyamazishe mpaka umjue aliyeliweka na siku aliyoliweka. Mara nyingi upuuzi huo ni machozi ya mtu aliyekutangulia. Kama yu hai, nenda kwake, mwamkie, kunywa chai yake hata ikipoa. Kama hayupo, uliza waliobaki. Na lako utakaloongeza, andika sababu yake, maana nawe hutakuwepo siku zote. Najua wana haraka huko kazini kwenu. Haraka yao si wewe utakayeilipa, ni mtu aliyekaa kitini usiyemjua jina.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Mungu akupe masikio kabla ya mikono. Akupe radhi za wote waliofanya kazi hiyo kabla yako, hata wale usiowahi kuonana nao. Na siku yako nawe itakapofika ya kuitwa wa zamani, akupe mtoto wa kukuita kwanza, ndipo aseme lake.