Jembe Inanijua

Chekeni kwanza mumalize, ju hata mi mwenyewe nikifika kwa maji nitacheka, na aibu iko palepale, haijatoka. Ndiyo, mi ndiye mama wa ile video, ule wa kitenge cha ndege, ule mwenye watoto wa Bujumbura wanaiga sauti yake wakiwa wanamenya vitunguu. Mama Solange wa Kanyosha, muuza vitenge, mutoto wa Uvira kule Kongo. Leo nawaelezea mwenyewe ju nimechoka kusikia watu wakiongeza chumvi (kuko mumoja alisema nilivunja na ukuta wa kanisa; apana, ukuta sikuugusa).

Mujue mi ni mutu wa maoni. Nikikaa sokoni mbele ya vitenge vyangu, muteja kabla hajauliza bei amekwisha kusikia vile naona serikali, vile naona wanamuziki wa siku hizi, na vile naona ile filamu ya kila jioni yenye bibi harusi anapoteza akili kila wiki halafu akili inarudi Ijumaa. Hata mitandao niko na maoni yake: Fesibuku ni ya kutangaza misiba, Whatsapp ni ya familia kugombana, lakini Tiktok, eh, Tiktok ndiyo baraza, pale hata mutu asiye na kiti anaongea. Solange, binti yangu wa kwanza, ndiye alinifungulia akaunti ili niuze vitenge. Vitenge niliuza wiki moja, kisha nikaanza kutoa maoni, na maoni ni ya bure, kwa hiyo ilienda vizuri sana.

Sasa, kwetu Jumamosi asubuhi ni travo, zile kazi za jamii: maduka inafungwa, magari inasimama, kila nyumba inatoa mutu na jembe ama fagio, munazibua mitaro mupaka kama saa nne na nusu. Na mi, niseme ukweli mbele ya Mungu, miaka kumi na moja nimeishi Kanyosha sijawahi kwenda hata mara moja! Nafunga rido, pazia la dirisha, nazima redio, nakunywa chai yangu pole pole bila kugonganisha kijiko, na Nyumbakumi (huyo ndiye mukubwa wa nyumba zetu kumi, mama mumoja mwenye filimbi) akipita kugonga mulango, mi siko.

Basi Jumamosi moja niko nyuma ya rido na simu yangu, naona video ya mukubwa fulani, simutaji, na hata ningemutaja wako wengi, ameshika jembe, suti imepigwa pasi, anachekea kamera, udongo haujamugusa hata kiatu. Nikasukuma kidole, naona mwanamuziki kijana anaimba ameketi juu ya gari ya mutu, na nyuma yake mutaro umejaa taka mupaka unanuka ndani ya simu. Nikapandwa na hasira, hasira ya mutu mwema kabisa! Nikatoka kwa ua, jirani alikuwa ameacha jembe yake ya pili ukutani, nikaichukua, nikafunga kitenge kiunoni, nikasimamisha simu juu ya ndoo, nikaanza:

"Nyinyi munashika jembe kwa ajili ya foto, hamuoni haya? Mukuje Kanyosha muone mama wa kweli! Miaka kumi na moja sijakosa Jumamosi hata moja! Jembe inanijua!"

Nikairusha ile video Tiktok. Nikarudisha jembe ya watu ukutani, nikarudi kwa chai, na chai ilikuwa bado ya moto.

Jioni nafungua simu, watu wameona mupaka nikashindwa kusoma ile namba. Vijana wamechukua ile "Jembe inanijua" wametia ngoma chini yake, wanacheza. Niliruka ndani ya nyumba, nilijiona malkia! Kumbe Solange ameingia na uso wa mutu ametoka hospitali.

"Mama," akasema, "umefanya nini? Papa yake Egide ameiona."

Lazima muelewe hapa. Egide ndiye mchumba wa Solange, kijana mupole wa Kamenge, wamependana miaka mitatu, na miaka mitatu papa yake, Muzee Pontien, amekataa kupanga tarehe ya dot, siku ya kutoa mahari. Huyo muzee alikuwa agronome, mutaalamu wa kilimo, ako kwa pansheni, maisha yake yote ni udongo. Alikuwa anasema, "Wale ni watu wa biashara, mikono laini. Siku ya shida watashika nini?" Solange alikuwa amelia kwa maneno hayo mupaka akachoka kulia.

"Ameiona, kisha?" nikauliza.

"Amefurahi! Ameiangalia mara saba! Amesema Jumamosi inayokuja atakuja kulima na wewe, bega kwa bega, kisha mutakaa mupange tarehe."

Yampaye inka! Hapo ndipo mutu mwenye akili angesema, mutoto wangu, nilidanganya, tumupigie muzee tumuombe msamaha. Lakini mi niliangalia vile macho ya Solange yanang'aa, nikasema, "Aje. Jembe inanijua."

Wiki ile sikulala vizuri. Nilinunua jembe mupya, nikaipaka majivu na matope ili ionekane ya zamani, nikaipitisha kwenye sementi ili mupini uchubuke. Mikono nayo nilisugua na jiwe la kusugulia kisigino, nikitafuta sugu (nilipata vidonda). Ijumaa nikajaribu kulima kwa ua, nikaangamiza mboga yangu ya lengalenga yote, na jembe haikuingia hata kidole kimoja. Solange aliniangalia kwa dirisha, akafunga dirisha.

Jumamosi, kabla jua halijatoka vizuri, nasikia "Hodi bamwana!" (ndivyo wazazi wa pande mbili za ndoa wanaitana). Muzee Pontien! Mafuta ya magari ilikuwa ya shida wiki ile, ametembea kwa miguu kutoka Kamenge, upande wa pili wa mji, jembe yake mugongoni ndani ya gunia, kofia ya rangi ya maziwa kichwani, miaka sabini na moja na hahemi hata kidogo. Nikaona haya ya kwanza. Lakini ilikuwa haya ndogo, nikaimeza pamoja na mukate.

Tukafika kwa mutaro, watu wamejaa, Nyumbakumi ako na filimbi na daftari. Akaniona. Akatabasamu kwa roho safi kabisa, akafungua mikono.

"Kaze, mama! Karibu kwetu! Umehamia lini?"

Ardhi, funguka. Muzee Pontien akageuza kichwa pole pole.

"Ananitania," nikamunong'oneza, nikicheka kama mwenda wazimu. "Kila Jumamosi ananitania hivyo."

"Unakaa nyumba gani?" Nyumbakumi anaendelea, kalamu iko tayari.

"Ile ya... ya mulango wa buluu."

"Ya mulango wa buluu?" Akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe mule munaishi mutu! Tulifikiri mwenye nyumba ako Ulaya!"

Palepale vijana wakanitambua. "Ni yeye! Jembe Inanijua!" Simu zikainuka juu zote mara moja, wakaanza kupiga makofi, wanataka mi ndiye nifungue kazi, nipige jembe ya kwanza, na Muzee Pontien, ambaye bila shaka aliamua kwamba Nyumbakumi ni mutu wa utani mwingi, akajinyoosha kwa fahari, akasema, "Haya bamwana, waonyeshe."

Mikono yangu inajua kazi moja tu ya kupiga chini, na hiyo ni kutwanga sombe, majani ya muhogo. Basi nikashika mupini kwa juu kama muchi, nikainua jembe wima, nikatwanga. Watu wakasema "Eeeh?" Nikaona haitoshi, nikahama hatua mbili nikatafuta penye udongo laini (nilijisifu moyoni, nimeona udongo laini, agronome ataona), nikatwanga kwa nguvu yangu yote ya Uvira.

Udongo ulikuwa laini ju siku chache kabla walifukia tuyo pale, bomba la maji.

Ilianza na sauti ndogo, pfff, halafu maji ikapanda juu kuliko nyumba! Kofia ya muzee ikaruka, daftari la Nyumbakumi likaloa, mi kitenge kimenikaba miguuni nikakaa chini ndani ya mutaro, pwaa, na kibaya zaidi ni kwamba robine zetu, mifereji ya nyumbani, zilikuwa kavu siku nne, maji ilirudi asubuhi ileile, kwa hiyo badala ya watu kukasirika walikimbia kuleta bidoni, madumu ya maji! Akina mama wanakinga maji, watoto wanaoga na nguo zao, vijana wanafilimu wanaimba "Jembe inamujua! Jembe inamujua!", Nyumbakumi anapiga filimbi na filimbi imejaa maji, inatoa mapovu tu. Mi nacheka, nalia, sijui ni gani.

Ni Muzee Pontien peke yake aliyefanya kazi. Alipiga magoti ndani ya matope, akaitisha kipande cha mupira wa baiskeli, akakifunga kwenye tuyo mara nyingi, akavuta, maji ikanyamaza. Kisha akanijia pale mutaroni. Sikujua kama ananiinua ama ananihukumu. Alishika mikono yangu, akaigeuza, akaangalia vile vidonda vya jiwe. Simu za watu bado ziko juu.

"Bamwana," akasema, "niambie wewe mwenyewe. Jembe inakujua?"

Nikamuangalia Solange. Alikuwa amesimama na bidoni tupu, hakingi maji.

"Apana, Muzee," nikasema. "Haijawahi kuniona. Nilidanganya. Jumamosi nafunga rido nakunywa chai. Uniadhibu mi, usiadhibu mutoto. Yeye hajasema uongo hata siku moja."

Aliokota kofia yake, akaikamua, akachukua jembe yake akaanza kuzibua mutaro, na alilima mupaka saa nne na nusu. Mi nilikuwa nyuma yake nabeba matope kwa mikono. Halafu akarudi Kamenge kwa miguu, na habari ya tarehe hakuigusa.

Siku sita Solange hakunisemesha. Video ya pili ilishinda ile ya kwanza mara nyingi, sokoni watu walinunua kitenge ili tu waniangalie, na nilifuta Tiktok nikiwa nalia kweli kweli, ju mutoto wangu nilikuwa nimemuuza kwa makofi. Siku ya saba Egide akapiga simu: papa amesema mama aende travo Jumamosi nne, Nyumbakumi aandike, kisha ndipo ataongea.

Nilienda. Ya kwanza nilipata malengelenge, ya pili yakapasuka, ya tatu Nyumbakumi alinionyesha namna ya kuinama, ya nne nililima mita mbili na hakuna kilichopasuka, watu wakapiga makofi na hakuna aliyefilimu.

Siku ya dot, bwana yangu, mwenye kazi yake iko Uvira, amekuja amevaa kanzu ya heshima, musemaji wa kina Egide amemaliza maneno matamu yote, vinywaji vimeshuka, ikafika zamu ya jembe, ju kwa desturi ya Warundi familia ya kijana inaleta na jembe. Kawaida anapewa baba ya binti. Muzee Pontien akasimama, akampita bwana yangu, akaja mupaka kwangu na ile jembe iliyofungwa utepe. Ukumbi wote ulijua, walianza kucheka kabla hajafungua kinywa.

"Bamwana," akasema, "hii jembe bado haikujui. Lakini Nyumbakumi ameniambia kwamba siku hizi munasalimiana."

Nilicheka mupaka gele, kilemba changu, ikaanguka, na Solange alicheka akaniegemea begani, mara ya kwanza tangu siku ya maji.

Basi nimeapa: maoni yangu bado niko nayo, serikali naiona, wanamuziki nawaona, lakini jambo ambalo mikono yangu haijagusa, mudomo wangu hauligusi. Na Jumamosi musinipigie simu kabla ya saa nne na nusu. Ile jembe ya utepe ndiyo ninayotumia, mupini wake umeanza kulainika, na rido ya dirisha la mbele nilishaitoa nikaifanya kitambaa cha meza.