Sufuria Haiendi Peke Yake

Sababu ya safari yangu ilikuwa kazi, na kazi hiyo niliipata kwa sifa zangu mwenyewe. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mama Mrundi aliyesomea mbali, anachunguza jinsi Waislamu wa nchi yetu wanavyotoa: zaka, sadaka, wakfu, na ile misaada midogo isiyo na jina. Alitafuta mtu wa kwenda kuzungumza na watu kwa Kiswahili kilichonyooka. Waombaji tulikuwa wengi. Nilichukuliwa mimi.

Nyinyi wa Itaba mnanijua. Nilivuka kwenda Tanzania nikiwa mgongoni mwa mama, nikakulia kambini, nikauza kuni na vitumbua mpaka nikapata diploma ya maendeleo ya jamii, kisha nikarudi nyumbani na sanduku moja. Leo nyumba yangu ina mabati na sakafu ya saruji, na stoo yake ina sufuria kubwa ya alumini inayotosha kulisha ukoo mzima. Sijawahi kuazima kitu kwa mtu, na sufuria hiyo haijawahi kutoka nje ya ua wangu. Mimi pia ni Mkristo. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba nilikwenda kuuliza mambo ya nyumba isiyo yangu.

Niliondoka Itaba asubuhi kwa baiskeli ya abiria, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Mwendeshaji alishuka na kusukuma kila tulipofika kwenye mlima, nami nikashuka kumsaidia, maana aliyewahi kusukuma mzigo wa kuni hasahau.

Magarama, mtaa wa maduka madogo hapo mjini Gitega, nilipokewa na Rajabu, fundi cherehani ambaye mwalimu wangu alinielekeza kwake. Anashonea barazani, na kila apitaye lazima amsalimie. Nilikaa, nikakohoa kidogo kama mtu mwenye jambo, nikamuuliza zaka yake humpa nani.

"Kutoa natoa," alisema bila kusimamisha cherehani. "Ila hapo unaniuliza jina la mtu. Jina sitoi."

"Mzee wangu, mimi nachunguza kisayansi."

"Kisayansi ao kipolisi?"

Wateja wake wakacheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa mtu aliyesoma haogopi utani. Nilimweleza kwamba majina hayataandikwa. Akakata uzi kwa meno.

"Sikia, ndugu yangu. Mi nikimpa mtu, halafu weye uende umuulize 'Rajabu alikupa nini?', basi nimemnyang'anya tena. Donc, enda Muyinga kwa dada yangu Mwajuma. Kule iko sadaka ya kuonekana na macho. Hata ukiigonga, inalia."

Kutoka Gitega haikuwa rahisi. Mafuta yalikuwa yameadimika tena, na magari yalikuwa yamepanga foleni kituoni kama ng'ombe mnadani, madereva wamelala juu ya usukani. Wengine walikata tamaa wakarudi majumbani. Mimi nilizunguka, nikauliza, nikabembeleza, na mchana nikapata nafasi mbele ya lori lililokuwa linapeleka chumvi na sabuni kaskazini.

Baada ya Karuzi barabara ilizidi kupinda. Vijana wa baiskeli walining'inia nyuma ya lori letu kwenye milima, mkono mmoja kwenye chuma na mmoja kwenye usukani, matoke yakiwa yamefungwa nyuma yao. Dereva aliniuliza naenda kufanya nini. Nilipomwambia nachunguza utoaji wa Waislamu, alitikisa kichwa. "Kumbe hata kutoa kunasomewa!" Nikamwambia ndiyo, na kwamba si kila mtu anaweza.

Muyinga tulifika jua likiwa limeinama. Mji uko juu, una baridi, na ukishuka barabara ya upande wa mashariki unakwenda mpaka Tanzania. Kusema kweli niliguswa moyoni kuona njia ile niliyopita nikirudi nyumbani.

Mama Mwajuma ni mjane mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Anaishi na wifi yake Hadija, mwembamba, ambaye sauti yake inawatosha yeye na wifi yake. Walinipa chai ya tangawizi na chapati, kisha wakanipeleka nyuma ya nyumba. Chini ya kibanda cha mabati, juu ya chanja, ziliinamishwa sufuria kubwa tatu. Mama Mwajuma akaigonga moja kwa pete. Ikalia kama kengele.

"Hizi ziko wakfu," alisema. "Mama yangu alizitoa. Haziuzwi, hazirithiwi. Mi ni mwenye kuzichunga tu. Ukiwa na harusi, ukiwa na kilio, unakuja unachukua."

"Hata asiye Mwislamu?"

"Iko nani anafiwa kwa dini? Kila mtu anafiwa."

Nilifurahi. Hiki ndicho mwalimu wangu alichotaka: mali iliyotolewa kwa Mungu, ikabaki mikononi mwa watu. Nikajiambia kwamba kesho nitauliza maswali yangu yote na kuondoka na sura nzima ya utafiti.

Kesho yake asubuhi, kabla sijauliza hata moja, mlangoni alisimama mkulima wa mlimani aliyevua kofia. "Shikamoo, mama," alisema, na nikatambua hapohapo alikokulia: Kiswahili cha kambini, Kiswahili changu. Jina lake Nestori. Alikuwa amekuja kuomba sufuria zote tatu. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi na ukoo wa bwana harusi ulikuwa mkubwa.

"Chukua, baba," alisema Mama Mwajuma.

Nestori hakusogea. Aliigeuzageuza kofia mikononi.

"Mama, siwezi kuchukua kabla sijasema. Mara ile nilipoziazima, kwenye ubatizo, nilikwenda kutafuta vinywaji. Kurudi, nikakuta shemeji yangu amepika nguruwe kwenye ile ndogo kati ya hizi tatu. Niliisugua, nikairudisha, nikanyamaza. Lakini hii ni harusi ya mwanangu. Siwezi kumwozesha juu ya uongo."

Hadija akalipuka.

"Mama we! Nguruwe! Na sisi tumepikia futari humo! Mwajuma, nilikuambia mi! Nilisema hawa watu wa mlimani, leo sufuria, kesho watatuomba na msikiti wakafugie!"

"Hadija."

"Hadija nini? Kuanzia leo, kila mtu na sufuria yake. Za Waislamu kwa Waislamu. C'est fini!"

Nestori aliinamisha kichwa. Kukodi vyombo mjini hakukuwa jambo la mtu anayeishi kwa maharagwe na mihogo, na kila mtu pale alilijua. Aliyerudi kutoka kambini, akipokea wakwe bila chombo cha kuwapikia, atasemwa mpaka wajukuu. "Mna haki," alisema. "Nitaangalia pengine." Akaanza kugeuka.

Mimi si mtu wa kukaa kimya panapohitajika elimu. Nikasimama, nikapendekeza mkataba: anayeazima aweke sahihi na atoe dhamana. Hadija aliupenda. "Bon! Huyu kasoma!"

Mama Mwajuma alinitazama kwa upole. "Mwanangu, huyu baba kaja kujishitaki mwenyewe. Karatasi itamfanya aseme nini tena?"

Ni kweli mkataba haukufaa. Lakini nilikuwa na chombo kingine. Katika maswali ambayo mwalimu wangu alinifundisha kuuliza, kuna moja nililoliona la kawaida sana: aliyetoa alikusudia nini? Nikaliuliza hapohapo, Nestori akiwa mguu mmoja nje.

"Mama Mwajuma, siku mama yako alipozitoa hizi wakfu, alitamka maneno gani?"

Alikaa kwenye mkeka. Hata Hadija alisogea, maana yeye aliolewa katika ukoo ule baadaye na kisa hicho hakuwahi kukisikia.

"Siku baba alipofariki," alianza Mama Mwajuma, "mvua ilikuwa inapiga. Waislamu tulikuwa nyumba chache hapa. Waombolezaji wamejaa uani, na sisi hatuna chungu cha kuwapikia hata nusu yao. Wanawake wa mlimani, Wakristo, wakasikia. Walishuka na vyungu kichwani, kwenye tope. Wakavisugua mbele yetu, wakapika maharagwe, watu wakala."

"Vyungu gani hivyo?" aliuliza Hadija.

"Vyungu vyao vya kupikia pombe."

"Vya pombe?"

"Vya pombe. Hawakuwa na vingine vikubwa. Mama alijua, na alikula. Siku alipopata hizi sufuria alizisimamisha hapa uani, akasema mbele ya watu: 'Ziko za Mungu, kwa kila mwenye wageni.' Hakutaja dini. Sasa Hadija, weye na mimi tutapunguza maneno ya marehemu?"

Hadija alikwenda mpaka kwenye chanja, akaishusha sufuria ndogo, akaibwaga mbele yangu na Nestori.

"Mara saba," alisema. "Moja kwa udongo. Ndiyo sheria. Na nyinyi wawili ndio mtaosha, maana hii aibu iko ya Wakristo."

Tukaosha. Nestori alichota udongo safi, mimi nikasugua. Hadija alisimama juu yetu mikono kiunoni. "Hapo! Ewe diploma, hapo chini ya mkono wa sufuria! Huko shule hawakuwafundisha pembeni?" Nilisugua hadi nikaona uso wangu ndani. Nestori alinong'ona kwamba kambini naye alikuwa akiosha sufuria za shule ili apate ukoko. "Mimi pia," nikamjibu, na tukacheka kama watoto, mpaka tukakemewa.

Tulipomaliza, Hadija alijifunga kanga ya pili.

"Sasa mnisikie vizuri. Sufuria haiendi peke yake tena. Mi naenda nayo. Jiko langu, mwiko wangu. Mtu akileta nyama yake kwenye mfuko, nitampika yeye."

Jumamosi tulipanda mlima pamoja, mimi, wanawake wanne wa Kiislamu na sufuria tatu. Mwalimu wa madrasa alikuja kuchinja mbuzi wa Nestori, na Hadija akapika pilau ambalo harufu yake iliwatoa watu migombani. Yule shemeji wa nguruwe alijitokeza, jitu refu lenye haya. Hadija alimtazama toka juu mpaka chini.

"Ni weye?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Kuni."

Alileta kuni siku nzima. Kila alipopumua kidogo alisikia jina lake jipya, "Ewe mpishi!", na kila mtu alicheka, naye mwisho akacheka.

Chakula kilipoiva, Nestori hakuanza na wakwe. Alitandika mkeka chini ya ukingo wa paa, akawaita Mama Mwajuma, Hadija na wenzao, akawanawisha mikono yeye mwenyewe. Walikula nyumbani kwake kwa sababu walijua kilichomo kwenye sufuria, na walijua kwa sababu walikuwa wamepika wao. Mama Mwajuma aliniambia kwamba tangu mama yake afariki, sufuria zilikuwa zinapanda mlima huo, lakini watu wake hawakuwa wamewahi kupanda nazo. Binti aliondoka na mumewe akiimbiwa Kirundi na kupigiwa vigelegele vya Kiswahili.

Nilirudi kwa njia ileile. Magarama, Rajabu aliniuliza kama ile sadaka ililia. Nikamwambia ililia, na kwamba mimi ndiye niliyeing'arisha. Mwalimu wangu alisoma taarifa yangu na kuniuliza jambo moja: siku ile ya harusi, nani alitoa na nani alipokea? Nikamjibu kwamba nimelitazama jambo hili kwa diploma yangu yote na siwezi kuwatenganisha, na kwamba nadhani wao wenyewe wasingependa nijaribu. Alisema hilo ndilo jibu bora aliloletewa. Sikushangaa.

Juzi, hapa Itaba, jirani yangu wa chini alifiwa na mama yake. Sikungoja aje. Nilifungua stoo, nikaitoa ile sufuria, nikaigonga kwa ufunguo kusikia kama inalia, nikaibeba kichwani mchana kweupe mbele ya kijiji kizima. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza nitarudi saa ngapi.

"Watu wakishashiba," nikamwambia. "Nipe na ule mwiko mrefu."