Kapeti ya Wafula

Kila Jumamosi jirani yangu hapa Kitengela huanika kapeti yake juu ya seng'enge na kuichapa kwa ufito. Vumbi huruka, upepo hulileta kwangu, na ile harufu yake kavu ya manyoya, udongo na makombo ya zamani ikinifika puani, naacha ninachofanya nakwenda kufunga dirisha. Nadhani ananiona mwenye madharau. Ningemweleza, lakini si habari ya kuelezana juu ya ua. Acha niwaeleze ninyi.

Tulihamia huku kutoka Bungoma miaka ya tisini, mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, Baba alipopata kazi ya ukarani kiwandani. Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na sakafu ya simiti tupu, na mbele ya mlango ilipita barabara ya malori ya kokoto. Wakati wa kiangazi vumbi liliingia hata kwenye sukari. Mdogo wangu Wafula, ambaye alikuwa hajaanza shule, akaanza kukohoa, na kifua chake kikawa kinapiga miluzi.

Nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji kuambiwa chanzo cha ugonjwa wa kifua. Ni baridi ya simiti. Inapanda kutoka chini, inaingia miguuni, inakwenda kukaa mapafuni.

"Huyu mtoto anakunywa baridi ya hii sakafu," Mama alimwambia Baba. "Tutafute kapeti."

Ikaja, nyekundu, nene, ya kutoka ukuta hadi ukuta. Makochi na kabati la vyombo vikapandishwa juu yake, na tangu siku hiyo haikuinuliwa tena. Tuliringa, jamani! Kila mgeni alivua viatu mlangoni, hata mchungaji wetu, ambaye kidole chake gumba kilichungulia nje ya soksi maombi yote. Mama aliisugua kwa brashi kila asubuhi. Vumbi likazama, hatukuliona tena, tukasema limekwisha.

Lakini Wafula alizidiwa. Mama akaziba nyufa za madirisha kwa magazeti, akasukuma tambara chini ya mlango, akamkataza kutoka nje. Siku mbaya alimlaza pale pale kwenye kapeti, penye joto, uso ukizama kwenye manyoya. Nikitoka shule nililala kando yake, tukasukuma vifuniko vya chupa kwenye barabara tulizochora kwa vidole. Alicheka, kisha akaanza kutafuta hewa, mabega yakipanda na kushuka. Nilikimbia kumwita Mama.

Jambo moja lilitushangaza. Desemba tulipokwenda Bungoma kwa kukhu, nyanya yetu, Wafula alilala juu ya mkeka, kwenye sakafu ya udongo iliyokandikwa samadi, na kifua kikanyamaza. Mama alisema ni maombi ya kukhu. Baba alisema ni maziwa. Tukarudi Kitengela, na miluzi ikarudi.

Alikufa alasiri moja ya kiangazi, juu ya kapeti, Baba akiwa ametoka mbio kutafuta gari la kumpeleka hospitali.

Watu walipoanza kuja matangani, shangazi yangu na jirani yetu Mmaasai, Mama Saitoti, walitoa makochi, kisha wakaikunja kapeti isiharibiwe na miguu. Simiti haikuonekana. Palikuwa na vumbi, laini kama unga uliochekechwa, limetanda ukuta hadi ukuta.

"Ufagio iko wapi?" akauliza Mama Saitoti. "Wacha nitoe hii."

Shangazi akamshika mkono. "Hapana, mama. Kwetu nyumba iko na msiba haifagiwi mpaka mtu azikwe."

Basi mikeka ikatandikwa juu yake, na Mama akakaa na vumbi lile siku zote za matanga. Wengine waliimba, yeye aliangalia chini. Nilimwona akiligusa kwa kidole, kisha akakitazama kidole kile kwa muda mrefu.

Tuliporudi kutoka mazishini alifagia mwenyewe. Kapeti aliichoma moto nyuma ya nyumba. Tangu hapo tuliishi kwenye simiti tupu, naye akapiga deki asubuhi na jioni. Nilidhani hataki tu kitu cha kumkumbusha.

Miaka mingi baadaye binti yangu alianza kupiga miluzi kifuani. Daktari hakuuliza habari za baridi. Aliuliza chumba cha mtoto kina sakafu gani. Nilipotaja kapeti, akanieleza jinsi inavyolimeza vumbi, na jinsi kila anayeikanyaga anavyolirusha tena, hasa kwa mtoto anayelala karibu na chini. Machozi yalinitoka mbele yake, akadhani namlilia binti yangu.

Mama alikuwa amekuja kututembelea. Njia nzima niliwaza kama nimwambie. Nilimkuta amepiga magoti chumbani kwa mtoto. Kapeti alikuwa ameshaikunja na kuitupa nje, sasa anapangusa simiti kwa tambara lenye maji, polepole, hadi kwenye pembe. Ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu siku ile ya kidole, na kwamba alikuwa ameishi na neno hilo peke yake.

"Daktari amesema nini?" aliuliza, bila kuinua uso.

"Amesema ni baridi tu, Mama."

Akaendelea kupangusa.