Gari Lisilobeba Mzigo

Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu na leseni ya udereva, nilipoamini kwamba gari la viti viwili haliwezi kupita njia ya zamani ya misafara bila kubeba mzigo. Wala sikuamini nusu nusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Habari yenyewe ilisimuliwa hivi kwenye mabenchi ya kahawa pale Tabora mjini. Wapagazi waliofia njiani enzi za misafara, na pembe za ndovu mabegani, wangali wanailinda njia ile iendayo Urambo na kuendelea mpaka Ujiji. Hao ni Wanyamwezi, na hakuna aibu inayomuuma Mnyamwezi kama ya kutembea safari ndefu mikono mitupu. Kwa hiyo chombo chochote kinachopita bila mzigo wanakishika. Lori hupita kwa sababu limebeba tumbaku. Baiskeli hupita kwa sababu nyuma hakukosi kuku. Nikauliza, je, gari la mkuu wa wilaya? Nikajibiwa kuwa hilo hubeba mafaili, na faili ni zito kuliko pembe ya ndovu. Hapo nikaridhika kabisa.

Miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa nilikuwa kuli wa stesheni. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na cheti changu nilikizungushia nailoni, nikatembea nacho mfukoni hadi kikapinda kama ukoko wa ugali. Nilichotaka duniani ni kitu kimoja: kuandikwa kazi ya ufundi kwenye karakana ya malori ya tumbaku kule Urambo. Mkuu wa karakana ile alikuwa mzee mfupi, mikono yake ina grisi ambayo nadhani alizaliwa nayo. Alikuwa akija Tabora kununua vipuri kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapo hapo, aliyekisema Kinyamwezi kuliko mimi mwenye kabila. Siku moja nikamvizia dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akakifungua cheti changu, akakisoma mbele na nyuma, ingawa nyuma hapakuandikwa kitu. "Wino mzuri huu. Umewahi kutengeneza nini?"

"Baiskeli, mzee. Na redio moja."

"Redio ilipona?"

"Ilisema kidogo."

Mwenye duka akacheka nyuma ya meza yake. "Mpe lile la kwenye ghala langu," akasema. "Kuku watanilaumu, lakini mpe."

Lile la kwenye ghala lilikuwa gari dogo la mashindano, la Kiingereza, halina paa, chini mno hata ukikaa unaweza kung'oa karanga bila kuinama. Mzungu mlima tumbaku aliliacha pale aliporudi kwao baada ya uhuru. Kuku walikuwa wametotoa vizazi visivyohesabika kwenye kiti cha dereva.

Mkuu wa karakana akanitazama. "Haya. Ulilete Urambo kwa nguvu zake lenyewe, si juu ya lori. Nafasi ninayo moja, na nitaishikilia mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Lakini sikiliza. Kulifikisha gari tu, hata ng'ombe wanaweza kulivuta. Fundi huniambia lilikuwa linaumwa nini. Ukija bila sababu, rudi na gari lako."

Nikalianza siku ile ile. Injini yenyewe ilikuwa na afya kuliko mimi, ila petroli haikufika. Tangi nilipolishusha likamwaga kutu kiasi cha kujaza sufuria ya arusi. Nikatia kokoto za mto na mafuta ya taa, nikalitikisa siku tatu mfululizo mpaka majirani wakauliza ngoma ni ya nani. Bomba la petroli lilikuwa limeoza, nikalipindia jipya la shaba. Ndani ya pampu mlikuwa na ngozi nyembamba ya mpira inayovuta na kusukuma. Ilipasuka nilipoigusa, nikakata nyingine kutoka kwenye koti la mvua la mwenye duka, kwa ruhusa yake, ingawa ruhusa ilikuja baada ya mkasi. Kwenye kabureta kuna kiboya kidogo kinachoelea na kupima petroli inayoingia. Kilikuwa na tundu, kimejaa petroli na kuzama, nikakipeleka kwa fundi wa mabirika akakilehemu.

Ukabaki mfuniko wa tangi. Wa asili ulikuwa umepotea. Nikafua wangu mwenyewe kwa bati nene, ndani nikauvika mpira wa tyubu mara mbili. Petroli siku zile ilikuwa ya kutafutwa kama mchumba, na mimi sikutaka hata harufu yake itoroke. Mfuniko ule niliufunga barabara, ningeweza kuweka ndani yake siri za serikali. Katika kazi zote nilizofanya, huo ndio nilioujivunia zaidi. Nilimwonyesha kila aliyeingia dukani, hata aliyekuja kununua bawaba.

Injini ikawaka uani, kuku wakahama, mwenye duka akapiga makofi mara moja tu, kwa heshima. Nikatoka kulijaribu njia ya Urambo. Maili ya nane hivi likakohoa, likakohoa tena, likazima.

Nikashuka. Nikafungua mfuniko nipime petroli kwa kijiti. Ukatoa sauti, fyuuu, kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Kijiti kikatoka kimelowa mpaka juu, tangi limejaa. Nikafunga. Nikafungua kabureta, safi kama kikombe cha padri. Nilikuwa sijui la kufanya tena alipotokea mkulima mmoja na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaniomba nimfikishie mjini kwa dada yake. Nikalipakia gunia nyuma ya viti. Nikajaribu kuwasha. Likawaka mara moja.

Nywele zilinisimama, na wakati ule nilikuwa nazo nyingi. Maneno ya benchi la kahawa yalikuwa kweli.

Nikamweleza mwenye duka. Akaendelea kupanga makufuli yake. "Mimi mizimu haijawahi kuninunulia hata kufuli moja," akasema. "Lakini kama gunia linaliwasha, beba gunia."

Ikafika Jumamosi yenyewe. Nikaondoka alfajiri nimejiandaa: nyuma nimeweka gunia zima la michembe nililoazima sokoni. Ni maili hamsini na kitu mpaka Urambo, nami nilikuwa na siku nzima. Maili ya tisa likazima.

Mtu mwingine angetilia shaka. Mimi nilipiga hesabu. Nilikumbuka wazee wakisema mpagazi halisi alibeba frasila mbili bila kunung'unika, na gunia langu la michembe lilikuwa jepesi, limejaa hewa. Ni wazi wapagazi walikuwa wamenidharau. Nikafungua mfuniko, fyuuu, nikapima, petroli ipo. Nikamkuta mrina asali kando ya njia, nikamsihi anipe debe lake nimpelekee Urambo. Alinishangaa, kwani alizoea kusihi yeye. Nikapakia, nikawasha, likaondoka kwa furaha. Nikapiga mluzi maili kumi nzima.

Likazima tena karibu na Usoke. Jua limeshapanda, na mimi nimeanza kuona ile nafasi moja ya Urambo inavyofungwa kama dirisha la tiketi. Pale kando ya barabara alikuwa ameketi bibi mmoja na madebe matatu ya mawese yaliyoshuka kwa treni kutoka Kigoma.

"Mwangaluka, bibi," nikamwamkia kwa Kinyamwezi, ili ajue ninatoka katika watu. "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho ni kitanda au gari?"

"Gari, bibi. Unakwenda Urambo? Panda, na madebe yako yote matatu. Sitaki kitu."

"Hutaki kitu," akarudia, akinitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyepanda paa. "Kijana mwenye gari, hataki kitu, anataka mawese yangu yapande. Una nini wewe?"

Nikamweleza habari za wapagazi. Akapanda, debe moja mapajani, mawili miguuni. Nikaenda nyuma kupima petroli kama kawaida, fyuuu, akageuza shingo.

"Nini hicho kinachofyonza?"

"Ndio wao, bibi. Wanashusha pumzi wakiona mzigo umetosha."

Akageuka mbele. Tukaondoka. Mara mbili zaidi lilizima, na mara zote mbili nilishuka, nikafungua, nikapima, nikafunga, kisha nikaongeza mawe makubwa miguuni mwake kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwomba mzigo. Bibi aliinua miguu yake nikayapanga chini, akaishusha juu ya mawe. Matairi yalikuwa yanasugua bodi. Tuliingia Urambo saa tisa alasiri kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai mahari, watu wakisimama milangoni.

Mkuu wa karakana alitoka akijifuta mikono. Akalizunguka gari, akasikiliza injini inavyonguruma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Moyo wangu ulikuwa unanguruma kuliko injini.

"Limefika. Lilikuwa linaumwa nini?"

Nikamweleza yote: kutu, bomba, koti la mvua, kiboya. Akawa anaitikia. Kisha nikamweleza kwamba ugonjwa wa mwisho ulikuwa wa mzigo, nikaeleza wapagazi, frasila, michembe, asali na mawe. Mafundi wake wakaanza kucheka. Mmoja alikuwa chini ya lori, tukasikia kichwa chake kikigonga chuma. Mkuu hakucheka hata kidogo.

"Kijana," akasema polepole, "gari limefika. Sababu haijafika. Nina madereva thelathini hapa. Nikikuandika wewe, kesho kila lori likizima wataniambia ni mizimu, wakalale. Siwezi."

Nilihisi cheti kikinitoka mfukoni chenyewe kwa aibu. Hapo bibi, ambaye bado alikuwa amekaa na mawese yake, akasema:

"Ndugu fundi, huyu ana akili, ila hana masikio. Mimi debe langu nikilitoboa tundu moja, mafuta yanatoka kidogo, halafu yanagoma. Natoboa la pili juu, upepo uingie, ndipo yanatiririka. Huyu kila gari likizima anafungua kile kifuniko chake, kinafyonza upepo, tunaondoka. Njia nzima ni hivyo. Michembe haikufanya kitu. Mawe haya ndiyo kabisa."

Nikakumbuka somo la shule ya jioni, lile la glasi ya maji iliyopinduliwa na karatasi, hewa inavyosukuma. Nilipata tisa juu ya kumi katika somo lile. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa zima. Nami nikaenda nikauziba mlango wa hewa kwa mpira wa tyubu, mara mbili, nikauonyesha kwa kila aliyeingia dukani.

Mkuu akaufungua mfuniko, akaugeuza kwenye mwanga. "Kazi safi sana," akasema. "Umefunga hata uhai." Akaniletea nyundo na msumari. "Toboa hapa, tundu dogo. Shusha mzigo wote. Rudi njia uliyojia, maili kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi. Bila hata jiwe. Nafunga saa kumi na moja."

Nikashusha michembe, asali, mawese, mawe, na bibi mwenyewe kwa mikono miwili. Nikaondoka mtupu. Nawaambia, gari lile liliruka kama swala aliyetoka mtegoni. Maili ya nane nilibana pumzi. Ya tisa nikawaomba wapagazi radhi kwa sauti, ikiwa wapo. Ya kumi na tano nikageuza. Mashamba ya tumbaku yalipita pande zote mbili, yamekatwa, udongo mwekundu ukisubiri mvua, nami nilikuwa naimba wimbo ambao sikuujua maneno. Halikukohoa hata mara moja.

Mkuu alikuwa amesimama langoni na daftari.

"Lilikuwa linaumwa nini?"

"Tangi lilikuwa halivuti hewa, mzee. Mfuniko niliufunga mimi mwenyewe bila tundu, petroli ikashindwa kutoka."

Akaandika. "Jumatatu, saa moja asubuhi. Uje na nguo za kuchafua."

Bibi alikuwa ameketi juu ya debe lake akisubiri mkwewe aje na mkokoteni. Nikachuchumaa mbele yake, sikujua nianze na asante ipi.

"Bibi, mbona hukuniambia tangu njiani?"

"Ungeninunia ukanishusha, nami nina madebe matatu."

"Na wapagazi, je?"

"Baba yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Ujiji alikwenda mara nne. Alifia nyumbani kwake, kwa uzee, na tangu tumzike hajamsimamisha mtu yeyote njiani."