Valvu Imefungwa

Miaka ya tisini nilikuwa mchoraji katika kiwanda kidogo cha mafuta ya kupikia, nje ya mji wa Kakamega. Nilichora mabomba: yanakoanzia, yanakopita, na valvu zinazozuia mvuke. Valvu huchorwa kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Ukizipaka wino mweusi, maana yake kwa kawaida valvu hiyo haipitishi kitu. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Chini kwenye mashine, watu waliongea Kiswahili.

Kaka yangu alikuwa fundi wa mabomba hapo hapo. Asubuhi moja alitumwa kubadilisha kipande cha bomba kilicholiwa na kutu, karibu na valvu mpya. Alimkuta msimamizi wake mlangoni.

"Mzee, ile valvu mpya je?"

"Imefungwa tangu jana," msimamizi akajibu, akaenda zake.

Alimaanisha imeshapachikwa mahali pake, kama mtu anavyofunga mashine au taa. Kaka alielewa kwamba mvuke umezuiwa. Akalegeza bolti. Mimi nilikuwa ofisini niliposikia mlio, kisha watu wakikimbia.

Alilala wodini amezungushiwa bandeji mwili mzima, akiniuliza kama watoto wamekula. Jumapili haikumkuta.

Matangani msimamizi alikuja, akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, nilimwambia imefungwa. Na kweli ilikuwa imefungwa."

Mama akamtazama. "Kama ilikuwa imefungwa, mvuke ulipita wapi?"

Nikamweleza mama mimi, polepole, jinsi neno moja lilivyobeba maana mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia niwapelekee wageni chai.

Kiwanda kilisema marehemu hakuangalia mchoro. Lakini mchoro hauwezi kukuambia valvu iko vipi asubuhi ya leo. Nilimwendea injinia nikamwomba tuandike ukutani maneno mawili: imepachikwa, imezibwa. Akasema lugha ya michoro ni ya dunia nzima, si ya kuchezewa. Niliyaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, karibu na boila. Hakuna aliyeyafuta, na mafundi wakayazoea.

Msimamizi hakulitamka tena neno kufunga. Hata upepo ukivuma alisema, "Ziba mlango," na wafanyakazi wapya walimcheka kwa kutojua. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa amekonda, na saa ya chakula alikaa peke yake nyuma ya stoo. Mwishowe akaacha kazi bila kumuaga mtu.

Wifi yangu alirudi kwao Khwisero na watoto. Mama alihamia nyumba ya kaka ili isibaki tupu. Kila nilipomtembelea nilimkuta akifagia uwanja ambao haukuwa na mtu wa kuuchafua.